Zimwi Huanzia Miguuni

Watu wanaoziona kazi zangu kwa mara ya kwanza huniuliza nazitoa wapi sura za mazimwi yangu, na naona huwa wanatarajia niwaambie kwamba hunijia ndotoni au kwamba nimerithishwa kitu na wazee. Jibu langu huwavunja moyo kidogo: mengi nimeyaokota katika soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, na kila zimwi ninalolichora huanzia miguuni. Yako mazimwi ambayo nyuso zake sikuzipata mpaka kazi ilipokaribia kwenda kwa mchapishaji, ilhali yenyewe yalikuwa yamekwisha kusimama kwenye karatasi siku nyingi, yanajulikana yana uzito gani, yanakimbia au yanajikokota, na yakishtuliwa yatarukia upande gani. Nachora vielelezo vya vitabu vya hadithi za watoto, na pembeni nachora viumbe vyangu mwenyewe ambavyo havina kitabu. Katika kazi zote mbili nimejifunza mambo mengi madogo ya karatasi, wino na bei, lakini jambo kubwa ni hilo moja la miguu, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu.

Wala si uvumbuzi wangu. Aliyekulia pwani anajua kwamba viumbe wa kutisha wa hadithi zetu hutambuliwa kwa miguu. Msimulizi atakueleza habari za mwanamke mrembo anayesimama kando ya barabara usiku wa manane, amejitanda buibui, ananukia udi, anaomba asindikizwe nyumbani. Hatataja pembe wala meno, na uso ataupitia kwa neno moja tu kwamba ni mzuri. Kisha upepo utaupeperusha upindo wa buibui, na yule anayemsindikiza ataona kwato za punda. Basi, hadithi imekwisha, na watoto wote waliokaa mkekani wameshakunja miguu yao ndani ya kanga. Bibi yangu, aliyenilea Ngamiani, alikuwa na namna yake ya kuisimulia: alipofika kwenye kwato alinyamaza, akagonga sakafu kwa kifuu cha nazi, ko, ko, ko, akatuacha tumalizie wenyewe. Nilipoanza kuchora kwa ajili ya riziki niliirudia hadithi ile nikaichunguza kifundi, nikaona ujanja wake ulipo. Mwili wote wa yule mwanamke ni wa kawaida, umeachwa hivyo kwa makusudi, ili kitu kimoja kisicho cha kawaida kipate nafasi ya kufanya kazi. Na kitu hicho kimewekwa pale mwili unapokutana na ardhi, mahali ambapo hakuna kiumbe anayeweza kujificha akiwa anatembea.

Vijana wanaokuja kwangu Jumamosi kujifunza kuchora huanza kinyume. Zimwi lao huwa na kichwa kilichosheheni: pembe nne, meno yaliyochomoza, ulimi wa ncha mbili, macho yasiyo na idadi, ukishuka chini ya kiuno unakuta moshi. Moshi ndio kimbilio la mchoraji asiyetaka kufikiri. (Jini aliyetoka chupani nampa ruhusa, maana moshi ni wake tangu zamani.) Huwa nawaambia wafunike kichwa cha zimwi kwa kiganja, kisha waniambie kilichobaki ni kiumbe gani, na kwa kawaida hakibaki kiumbe chochote. Hapo natoa penseli tunaanza na mifupa. Binadamu hukanyaga kwa wayo mzima, kisigino kikiwa chini. Paka na mbwa hukanyaga kwa vidole, na kisigino chao kimepanda juu, nyuma ya mguu, pale ambapo wengi wetu tunadhani ni goti lililogeuka. Mbuzi na punda wamepanda zaidi: wanasimama kwenye ncha za vidole, na kwato ni ukucha ulionenepa ukaizunguka ncha hiyo, mbuzi akiwa na mbili kila mguu na punda moja. Tembo naye, pamoja na ukubwa wake wote, kwa mifupa anasimama karibu na ncha za vidole, ila nyuma ya vidole ana mto mnene wa mafuta unaotanuka kila anapouwekea uzito, ndiyo maana anaweza kupita karibu nawe bila kishindo ulichokitarajia.

Kijana akishayaelewa hayo, mwanamke wa hadithi ya bibi anageuka kuwa swali la ufundi. Mwenye kwato za punda atakuwa na kisigino kilichopanda, goti lililosogea mbele, hatua fupi fupi, na buibui lake halitaanguka kwa nyuma kama linavyoanguka kwa mtu mwingine. Nilipomchora hivyo sikuonyesha kwato kabisa. Nilionyesha buibui linaloanguka vibaya kidogo, na waliotazama picha walisema inawatia wasiwasi wasijue ni kwa nini.

Sasa nieleze habari za Deep Sea. Mchoraji wa mazimwi anayekaa mjini hana pa kwenda kutazama wanyama wa ajabu, lakini pwani tumepewa mnada wa samaki, na bahari ina miguu ya kila aina kuliko nchi kavu. Ninakwenda asubuhi vyombo vinapoingia, nakaa pembeni na daftari dogo lenye jalada gumu, nachora kwa kalamu ya wino ili nisipate nafasi ya kufuta. Wauzaji wamenizoea. Yuko mzee mmoja wa kaa ambaye salamu yetu haibadiliki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo unanunua au unachora?"

"Nachora, babu, halafu nitanunua."

"Basi mchore huyu upesi, mwenyewe yuko njiani."

Siku moja aliniona nimeinamia magando ya kaa koko, yaliyofungwa kamba yasikate watu, akacheka. "Magando kila mtu anayajua. Mpishi anayajua. Wewe tazama hii ya nyuma." Akamgeuza yule kaa, akaikunjua jozi ya mwisho ya miguu, ambayo haina ncha kali kama mingine, imeishia kwa kipande bapa, chembamba, chenye nywele pembezoni. Ni kasia. Kaa huyo hutembea kwenye tope la mikokoni kwa miguu ya katikati, na akiingia majini hupiga kasia kwa ile ya nyuma. Mzee akaendelea kunionyesha jinsi kila kiungo cha mguu kinavyokunjika upande mmoja tu, kiungo hiki juu na chini, kinachofuata mbele na nyuma, mpaka mguu mzima upate kufika kila mahali kwa kuungana vipande visivyoweza kila kimoja peke yake. Nilinunua yule kaa, nikachelewa kumpika.

Kutokana naye nilimpata Bwana Makasia, zimwi la mikokoni ambalo mpaka leo ndilo linalopendwa zaidi kati ya kazi zangu. Ana kiwiliwili cha mzee mnene aliyejifunga msuli, mgongoni amebeba ngalawa kuukuu iliyotoboka ambayo ndiyo nyumba yake, na chini ana miguu minane ya kaa. Anaingia milangoni kwa ubavu. Akija kwa mtu hupiga hodi kwa gando dogo, kwa sababu lile kubwa limeshavunja milango mingi na yeye ni mstaarabu anayeona haya. Tabia hiyo yote haikutoka kichwani mwangu. Ilitoka kwenye viungo vyake. Kiumbe anayetembea kwa ubavu lazima awe amezoea kuwaomba watu radhi.

Mapango ya Amboni yalinifundisha upande wa pili wa jambo hilohilo. Yako nje kidogo ya jiji, kando ya Mto Mkulumuzi, ndani ya miamba ya chokaa, na wageni wengi huenda kutazama maumbo ya mawe na mahali ambapo watu huacha ubani na marashi kwa ajili ya mizimu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya popo. Mwongoza wageni alipoinua tochi nilimwomba asiwamulike usoni, amulike miguu. Magoti ya popo yamegeukia nyuma, jambo linaloufanya mwili wake wote uonekane umevaliwa kinyume, na kucha zake zinashika mwamba bila jasho: uzito wa mwili wenyewe ndio unaovuta kano na kuzikaza kucha, kwa hiyo popo analala akiwa ananing'inia bila misuli kufanya kazi, na hata akifa usingizini anaweza kubaki pale pale. Lakini mguu uliozoea kuning'inia haukuumbwa kwa ajili ya kusimama. Popo wengi wakianguka chini hujikokota kwa tabu, na kupaa kutoka ardhini ni mtihani.

Tangu hapo kila ninapolipa zimwi nguvu hutafuta mguu huohuo unalinyima nini. Nilichora familia ya mazimwi yanayolala darini mwa vyumba vya watoto, makubwa, meusi, mabawa yamefunikwa mwilini, ambayo mtoto akiyatazama kitandani huona yanamshinda kwa kila kitu. Katika picha inayofuata moja limeanguka. Liko sakafuni kwa tumbo, magoti nyuma, haliwezi kuinuka, na mtoto anatafuta kiti cha kulipandisha. Mama mmoja aliniambia kwamba mwanawe, aliyekuwa haingii chumbani bila taa, sasa huuliza kila usiku kama yameshikilia vizuri.

Lakini mwalimu wangu mkubwa ni samaki ambaye Tanga tunaye na wengi wetu hatujawahi kumwona. Silikanti alijulikana kwa wataalamu kupitia visukuku, wakamhesabu kuwa ametoweka pamoja na dainosaria takriban miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho madogo huko East London, Afrika Kusini, alipomkuta mmoja katika shehena ya samaki wa meli ya uvuvi. Alimchora, akaupeleka mchoro kwa J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki, na kwa mchoro ule Smith alishuku mara moja ni samaki gani. Ninaupenda mkasa huu kwa sababu ambayo wanasayansi hawaitaji: habari ya karne katika elimu ya samaki ilisafiri kwanza kwa kalamu, na mchoro wenyewe ulikuwa wa haraka, wa mtu anayeogopa samaki ataoza. Kwetu silikanti walianza kuonekana katika miaka ya 2003 na 2004, wakinaswa na jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ukanda wa bahari kutoka Tanga kuelekea Pangani ukawa hifadhi iliyopewa jina lake.

Mimi nimemwona aliyehifadhiwa kwa dawa, ndani ya kioo. Rangi ilikuwa imekufa, ya kahawia isiyo na maana, jicho limefifia; ningemtazama uso tu ningeondoka. Mapezi ndiyo yaliyonizuia. Pezi la samaki wa kawaida huota moja kwa moja kwenye ubavu, lakini yale ya silikanti yana shina la nyama lenye mifupa ndani, kama mkono mfupi uliovaa kipepeo mwishoni, na yapo mahali ambapo mnyama angekuwa na miguu minne. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba anayatumia kutembea chini ya bahari. Mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke alishuka na chombo cha kuzamia karibu na Ngazija, akawapiga picha za filamu wakiwa hai, na ikaonekana kwamba hawakanyagi. Wanaelea. Ila wanapoelea, pezi la mbele la kushoto huenda pamoja na la nyuma la kulia, kisha hubadilishana, huo huo mpangilio wa miguu ya punda anayekwenda mbio za taratibu. Mara nyingine husimama kichwa chini, mkia juu, wakatulia hivyo.

Jambo hilo lilinikaa kichwani muda mrefu: mwendo wa kutembea usio na ardhi. Nilichora viumbe wengi wabaya kwa kulitafuta, na hatimaye nikampata Mama Kilindi, bibi mkubwa wa vilindini anayepita juu ya mji wa samaki usiku akitembea hewani mwa maji, hatua kwa hatua, bila kugusa paa hata moja. Alichukua muda kwa sababu ya kivuli. Anayekanyaga chini, kivuli chake huanzia unyayoni. Anayeelea, kivuli kimeachana naye, na nafasi iliyo kati yao ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba huyu hayuko chini. Niliondoa mapambo mengi kwenye picha ile, nikaacha nafasi hiyo tu.

Rangi yake ilinipa kazi nyingine. Silikanti wa kwetu akiwa hai ni buluu iliyokolea, na ana madoa meupe ambayo hupangwa tofauti kwa kila mmoja, kiasi kwamba watafiti huwatambua kwa madoa hayo. Kuyapata nilitumia chumvi: unapaka rangi ya maji, unasubiri ing'ae kwa unyevu lakini isitiririke, unanyunyiza chembe za chumvi, na kila chembe hunyonya maji na kusukuma rangi pembeni ikiacha doa lisilofanana na jingine. Vitabu vya mafunzo vinavyotoka nchi za baridi vinaishia hapo. Tanga chumvi ikibaki kwenye karatasi hunyonya unyevu wa hewa tena na tena, karatasi haikauki kamwe, na baada ya wiki chache doa jeupe lina mduara wa njano. Kwa hiyo nafuta chembe zote kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa, kisha nainamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha kutafuta zinazometa. Masika sichori rangi ya maji kabisa, nachora wino. Karatasi ya gramu 300 naibandika ubaoni kwa utepe wa gundi pande zote nne ikiwa mbichi ili ikauke imenyooka, na kazi zilizokamilika nazitunza ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu ambavyo mafundi viatu huniwekea kutoka kwenye maboksi yao.

Ile buluu, hata hivyo, haikufika kitabuni. Mashine ya uchapaji hutengeneza kila rangi kwa wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na ziko buluu kali ambazo wino hizo haziwezi kuzifikia hata zichanganywe vipi. Kwenye kioo cha kompyuta inawaka, kwenye karatasi inatoka imechoka. Siku hizi nachanganya rangi zangu tangu mwanzo kwa kutazama kitabu cha sampuli kilichochapwa, wala si kioo. Kwa wanaochora kwenye kishikwambi ushauri ni huohuo, na wao hatari yao ni kubwa zaidi kwa kuwa hawajawahi kuiona rangi yao nje ya mwanga.

Huwa naulizwa pia kwa nini sichori Tingatinga, hasa na wageni wanaotafuta zawadi. Namheshimu sana Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kuwa mchoraji alipita mkoa huu akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na mashetani ya msanii George Lilanga, yale yanayocheza, yanayobebana na kusengenyana kwa masikio makubwa, ndiyo yaliyonipa ruhusa ya kuamini kwamba kiumbe cha kutisha kinaweza kuwa na majirani. Lakini wanyama wa Tingatinga wanakaa juu ya karatasi, ndio uzuri wao. Wangu wanahitaji sakafu.

Wako wakubwa wa zamani waliosema jambo linalokaribia langu. Leonardo da Vinci aliandika kwamba anayetaka kuchora mnyama wa kubuni aonekane wa kweli achukue viungo vya wanyama waliopo: kichwa cha mbwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, paji la simba, shingo ya kobe wa majini. Nasikitika tu kwamba orodha yake iliishia shingoni. Nawapenda zaidi Wachina wa mwaka 1414, walioletewa na Sultani wa Bengal twiga aliyetoka upande wetu wa bahari, na mwaka uliofuata wakaletewa mwingine kutoka Malindi. Wao walikuwa na kiumbe wa kale wa baraka ambaye hakuna aliyewahi kumwona, mwenye kwato na hatua nyepesi asiyekanyaga hata jani bichi, na twiga alipopita barazani kwa mwendo wake ule wa kuelea, watu wa ikulu wakasema ndiye, wakamchora. Shingo ingeweza kuwaletea shaka, lakini nadhani mwendo ndio uliowaridhisha.

Watoto ndio wahakiki wangu wa kweli kuhusu haya, na si kwa sababu ya ile sifa ya usafi wa moyo tunayopenda kuwapa. Wana maswali ya kifundi. Mtu mzima akiona zimwi huuliza lina maana gani. Mtoto huuliza linakaaje kitini, linavaa viatu pea ngapi, likijikuna mgongo linatumia mguu upi. Binti wa jirani yangu alilitazama zimwi langu moja lenye miguu mitatu, akainuka, akajaribu kutembea kwa miguu yake miwili na mkono mmoja kutoka mlangoni hadi jikoni, akarudi akasema, "Shangazi, huyu hawezi kukimbia, atajikwaa na wa katikati." Nililipanga upya lirukeruke badala ya kukimbia, na sasa mazimwi yote mapya hupita kwanza kwenye sebule ile.

Kazi iliyo mezani sasa ni hadithi ya nunda mla watu. Wengi wanaijua: paka wa sultani alianza na kuku, sultani akamtetea, akaja kwenye mbuzi, sultani akamtetea, akala watu, akawala wana wa sultani, ndipo baba akaamini. Mwana mdogo akaenda kumsaka, na kila mnyama mkubwa anayemuua humletea mama yake, na mama humwambia siye. Msimulizi wa zamani ametoa alama za nunda: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili mfano wa fungo, mkia mnene. Miguu hakuitaja, ameniachia mimi, na sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Kitabu kina kurasa 32, kama vitabu vingi vya picha, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16 na huhitajika mbili. Katika kurasa 27 za mwanzo nunda haonekani. Zinaonekana nyayo, na zinakua: kwenye vumbi la banda la kuku ni za paka wa nyumbani, kwenye zizi zimefika ukubwa wa sahani, sokoni mtoto anaweza kulala ndani ya mmoja. Unyayo wa paka hauonyeshi kucha, kwa sababu huzificha anapotembea, tofauti na wa mbwa. Basi nimezificha mpaka ukurasa anaomla mtu wa kwanza, ambapo kwa mara ya kwanza mbele ya kila kidole kuna kitundu chembamba. Sijaandika popote kwamba kuna mabadiliko. Mchapishaji alitaka uso wa nunda uwe kwenye jalada, wenye meno, kwa hoja kwamba vitabu huuzwa kwa macho. Tulibishana kwa heshima kwa wiki kadhaa, na jaladani amewekwa kijana amesimama ndani ya unyayo uliojaa maji ya mvua, yanamfika magotini.

Lililobaki lilikuwa ukurasa wa 12. Mhariri alihesabu nyayo, akaandika kwamba haziwezi kutosha mnyama wa miguu minne, ziko nusu, niongeze. Paka akitembea taratibu huweka mguu wa nyuma palepale alipoutoa wa mbele, kwa hiyo miguu minne huacha alama za miwili. Nilimwaga unga wa sembe sakafuni jikoni, nikamwita paka wetu kwa kichwa cha dagaa, nikapiga picha njia aliyoiacha, nikamtumia mhariri. Ukurasa umepita kama ulivyo.